Unga Uliorudishwa Jiweni

Nilipoolewa Kisoko, nikitoka kwetu Usamia, mama mkwe hakunifundisha kusaga kwa maneno. Mimi nasaga wimbi na muhogo mkavu juu ya jiwe, yeye amekaa pembeni amenyoosha miguu kama hanioni. Nikimaliza, anatia vidole kwenye unga, anausugua, anatenga kiganja kimoja chenye chenga na kukirudisha jiweni. Hasemi mbaya, hasemi nzuri. Anarudisha kile tu. Unga uliobaki kwenye ungo ndio uliofaulu. Na jiwe lenyewe haligusi hata siku moja. Akilishika, unga ule ni wake, si wa bibi harusi.

Nayakumbuka haya kwa ajili ya mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, ninayekaa naye. Yuko sekondari, kidato cha tatu. Mimi niliishia darasa la tatu la watoto wadogo, basi tukikaa wawili ni kama tuko sawa.

Siku moja nilimkuta anaichana insha yake awashie sigiri ya makaa. Nikamnyang'anya kipande. Kilikuwa na namba nyekundu na neno moja: Jitahidi.

"Sasa hilo ni neno baya?" nikamuuliza.

"Kukhu, nijitahidi wapi? Kila insha ni hilo hilo. Mimi muhula ukiisha nakwenda Busia kwa shangazi, tukaange chapati. Chapati ikiungua, unaona pale ilipoungua."

Kukhu ni bibi kwa Kisamia. Mwalimu yule sikumlaumu. Siku ya wazazi nilimwona nyuma ya madaftari yaliyorundikana kama kichuguu, kinachoonekana ni kipara tu. Lakini usiku ule nililala nikiwaza chapati.

Kisha mwalimu yule akahamishwa, akaja binti kutoka upande wa Kenya, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka watoto wakamcheka. Akawaambia waandike safari moja, wakamsomee mtu wa nyumbani. Msikilizaji aseme mambo mawili: ameona wapi, na amepotea wapi. Asiyejua kusoma si ana masikio?

Mjukuu akanisomea nikibambua karanga. Aliandika ile siku tulipopeleka unga kuuza ng'ambo ya mpaka. "Tulipanda boda boda. Tulifika Busia. Kulikuwa na watu wengi sana. Nilifurahi sana. Mwisho."

"Umeona wapi?" akauliza.

"Watu wengi nimewasikia. Hata mmoja sijamwona."

"Basi walikuwa nani?" akaniuliza.

Ee, hapo mdomo wangu ukafunguka! Mimi jina la mtu halinipotei. Nikamtajia mama wa kubadilisha pesa mwenye mwavuli uliovunjika mbavu. Nikamtajia yule bwana asiyetembea, anayevusha sukari kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu huku akiwatukana madereva wa malori wampishe. Baba yake nani, ukoo gani, ameoa wapi. Hapa siwataji, wasije wakanidai soda. Mtoto akaandika mpaka mkono ukachoka. Hata pa kuanzia na pa kumalizia nilimwonyesha.

Mke wa shemeji yangu akapita. "Eh, mke mwenzangu! Sasa umekuwa mwalimu mkuu wa jikoni?"

"Ndiyo. Walete wajukuu wako, na karanga za ada."

Insha ikarudi bila namba. Pembeni mwa yule bwana wa baiskeli mwalimu aliandika: Hapa nimemwona. Na chini kabisa: Bibi yako nimemsikia, nimempenda. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?

Mjukuu alinisomea. Kumbe mkono wangu ndio ulioshika jiwe lake. Nikamsimulia habari za mama mkwe na ule unga.

"Basi Kukhu, ondoka hapo," akasema bila hasira. "Nenda kaangalie mbuzi."

Nikaenda. Niliporudi alikuwa amemaliza, lakini hataki kusoma.

"Utakasirika."

"Nitakasirika nikishajua kwa nini. Soma."

Akasoma. Siku ile mpakani aliwaona wasichana wa darasa lake wamekuja kununua viatu. Akapunguza mwendo, akaacha watu waingie kati yetu. Mmoja akamuuliza, "Yule mama mnajuana?" Naye akainama kama anafunga kamba ya kiatu. Aliandika kwamba kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimelegea, kinaniziba jicho, na mimi sikuweza kukiweka sawa kwa sababu mikono yote ilishika gunia. Aliona, akasikia nikimwita, akabaki ameinama.

Mimi muda wote nilidhani ni umati uliotutenganisha. Nilimsimulia hata shangazi yake jinsi nilivyomtafuta.

Ganda la karanga lilikuwa mkononi, sikulibambua. Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa hivyo, aandike upya. Nilitaka pia kulia kidogo.

"Kitambaa nimekiona," nikasema.

Akashika penseli. "Na umepotea wapi?"

"Hapo uliposema nilikuita. Nilikuita vipi?"

Akaangalia chini. "Kama mtu aliyepotelewa na mbuzi wa mahari."

"Mjinga wewe."

"Sauti yako ilikuwa inatetemeka, Kukhu. Nilisikia."

"Basi rudi hapo tu. Kwingine usiguse."

Akarudi hapo. Penseli ilipovunjika ncha aliinyoosha kwangu nimchongee, nikamwonyesha kisu kilipo.

Muhula ulipoisha shangazi yake alipiga simu kutoka Busia. Unga wa ngano umeshanunuliwa, msaidizi yuko wapi? Nikamfikishia mjukuu swali hilo. Alikuwa kwenye mkeka, kalamu mdomoni, karatasi ya mwalimu mbele yake.

"Mwambie atafute mwingine," akasema. "Mwalimu ameandika bado amepotea pale mwishoni."