Fundi Breki na viatu vya kukanyagia mwamba

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi viatu anamwagia jiwe maji.

Jiwe lenyewe ni bapa, refu kama kitanda cha mtoto. Ameliegemeza kwenye ukuta wa uchochoro, nyuma ya kibanda chake, upande mmoja juu na mwingine chini. Maji ni ya bahari, huletewa kwa madumu. Ya bomba hayafai, kwani yataua utelezi wa kijani uliolifunika jiwe zima, nao utelezi ndio anaoutaka.

"Wenzangu wanafuga kuku," anasema. "Mimi nafuga utelezi."

Anavaa kiatu kimoja cha kamba, anashika bomba la chuma lililogongomelewa ukutani, anapanda. Anaegemeza uzito wote. Kiatu kinashika, kisha kinateleza kiasi cha vidole viwili. Anashuka, anakivua, anakigeuza na kukitazama chini kwa muda mrefu.

"Bado," anasema, na kurudi ndani.

Ana umri wa miaka hamsini na minne. Kazi ameirithi kwa baba yake, na ameifanya miaka thelathini na mmoja katika kibanda hikihiki chenye mlango wa bati, meza fupi, mguu wa chuma wa kugongea viatu na harufu ya gundi isiyotoka hata kwenye nywele zake. Kwa wapita njia ni fundi kama mafundi wengine: kisigino kimeng'oka, zipu imekwama, mkoba umekatika ukanda. Ila wavuvi wa mwambani, wale wanaosimama kwenye majabali na kutupa mishipi yao baharini bila chombo, wanamwita Fundi Breki.

Wanamtania kwamba magari hupelekwa gereji, miguu hupelekwa kwake. Yeye hucheka nao. Lakini ukikaa naye asubuhi nzima utagundua kwamba jina hilo hajawahi kulitamka mwenyewe.

Miaka tisa iliyopita alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba. Mama yao alifariki kijana huyo akiwa hajaota meno, na fundi, dada mtu, wakati huo msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyembeba mgongoni. Mdogo mtu alipokua akawa mvuvi wa mwambani. Alioa, akapata binti mmoja, na kila alipopita kibandani kwa dada yake aliingia na kelele zake.

Siku moja alikuja na viatu vilivyolika soli.

"Dada, hivi vya dukani vinaniishia kila baada ya miezi miwili," alimwambia. "Nitengenezee soli isiyoisha mpaka nizeeke."

Dada akatengeneza. Alikata mpira wa tairi la lori, ule mgumu kabisa. Akausawazisha kwa tupa mpaka ukawa laini, kwa sababu alitaka kazi ya ndugu yake ipendeze. Akaushona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Mdogo wake akavivaa, akazunguka kibanda, ko, ko, ko.

"Aisee, nasikika kama mwalimu mkuu!" alisema, akatoka akicheka.

Siku ya nne hakurudi nyumbani.

Mvuvi mwenzake, mzee mrefu aliyebandikwa jina la Kapteni wa Nchi Kavu kwa kuwa akipanda chombo hutapika, alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Mpaka leo huzungumza habari hiyo akitazama pembeni.

"Watu husema alichukuliwa na wimbi," anasema. "Si kweli. Maji hayakufika hata magotini. Samaki alivuta, yeye akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga penye kijani. Mguu ukamtoka. Basi. Hata kupiga ukelele hakupiga."

Alipatikana siku ya tatu. Hospitalini walimwita dada mtu akamtambue. Bahari ilikuwa imemharibu sura, na mguuni amebaki na kiatu kimoja.

"Nilihesabu mishono," anasema fundi, mikono yake ikiwa imetulia juu ya meza. "Ishirini na minane. Hakuna hata mmoja uliofumuka. Soli nzima, gundi nzima. Daktari akaniuliza, mama, una uhakika? Nikamwambia nina uhakika, hii kazi ni yangu."

Baada ya maziko alimfuata wifi yake chumbani, akamwambia alilokuwa nalo moyoni: viatu vile yeye ndiye aliyevitengeneza, na mpira mgumu ukikanyaga utelezi ni kama sabuni juu ya kigae. Wifi yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua," alijibu. "Aliniambia umemhakikishia vitadumu."

Tangu siku ile hakukanyaga kibandani. Walikutana misibani na harusini, wakaulizana hali kama watu wanaosubiri foleni moja.

Kwa miezi minane fundi hakugusa kiatu cha mvuvi yeyote. Mwezi wa tisa alichukua begi, akajaza vipande vya soli vya kila aina, akamfuata Kapteni.

"Nataka kujua kilichomwangusha," alimwambia.

"Utajua ili iweje, dada yangu? Aliyekwenda amekwenda."

"Wengine hawajakwenda."

Kapteni akamfunga kamba kiunoni, ncha nyingine akajifunga mwenyewe. Maji yalipokupwa walishuka kwenye majabali madogo yaliyo mbali na mahali pa ajali. Walirudia hivyo kwa mwaka mzima. Alianguka mara nyingi. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri mpaka leo.

Alichojifunza hakikuandikwa popote, kimo kichwani mwake na kwenye magoti yake. Raba laini hushika vizuri jiwe kavu lenye mikwaruzo, lakini likiota kijani huachia. Sufu nzito iliyogandamizwa, ile inayotandikwa chini ya mashine viwandani, hushika penye kijani kuliko kitu chochote, ila huisha upesi. Skrubu fupi huuma mpaka kwenye jiwe lenyewe, lakini jiwe likiwa kavu na laini hukuangusha bila huruma.

Ndipo alipochanganya. Chini ya raba laini anabandika sufu na kuishona pembeni. Kwenye sufu hiyo anapiga skrubu kumi na nne, tisa mbele na tano kisiginoni, vichwa vyake amevichonga kwa tupa viwe na meno. Ubavuni anatoboa matundu manne kwa msharasi, sindano nene ya kutobolea ngozi, ili maji yaingie na kutoka. Buti za mvua hazigusi hata umbembeleze vipi.

"Buti likijaa maji ni ndoo mguuni," anasema. "Mtu akinunua kiatu hutazama sura. Mwamba hautazami sura, mwamba unatazama nyayo."

Jozi moja humchukua siku moja na nusu, muda ambao angetengeneza viatu vinane vya kawaida. Sufu huipata kwa mlinzi wa kiwanda kimoja, mabaki yanayotupwa, na kuna miezi haipatikani kabisa. Wavuvi wenyewe si watu wa fedha. Wengine humletea samaki, wengine humletea ahadi. Mpaka sasa ametengeneza jozi mia moja na kumi na mbili. Waliovivaa na bado wakaanguka ni watatu. Mmoja alivunjika mfupa wa bega. Wote wako hai.

Mwandishi wa makala haya alipoiandika idadi hiyo, fundi alimshika mkono wenye kalamu.

"Usiandike kwamba viatu vyangu haviangushi," alisema. "Niliwahi kumwambia mtu maneno ya namna hiyo. Andika vinapunguza."

Miezi mitatu iliyopita, Kapteni alifika kibandani kabla ya chai, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Fundi, binti wa marehemu nimemwona mwambani."

"Binti yupi?"

"Kwani marehemu ana mabinti wangapi? Ana mishipi ya baba yake, na amevaa raba za kwenda dukani."

Binti huyo ana miaka ishirini na mitatu. Alikuwa karani katika ghala ambalo lilifungwa, akatafuta kazi mwaka mzima asipate. Shangazi yake alimwita, akamsihi, akagomba, akalia. Binti alisubiri amalize.

"Shangazi, mimi pale sitafuti kufa, natafuta samaki," alisema. "Kama unaogopa, nishonee viatu."

Fundi akakataa. Wiki ya kwanza alikataa, ya pili akakataa. Anasema hajawahi kukosa usingizi kama wiki zile.

"Nikimshonea, nimempa ruhusa. Nisipomshonea, nimemwacha aende na raba za dukani. Pande zote mbili zina maiti."

Aliyeukata mzizi wa fitina ni mtu ambaye hakumtarajia. Mchana mmoja kivuli kiliziba mlango wa bati. Alikuwa wifi yake. Miaka tisa ilikuwa imepita. Fundi aliinuka akavuta kigoda, akakifuta kwa kitambaa.

"Karibu, wifi. Karibu ukae."

"Sikai." Alitazama viatu vilivyoning'inia ukutani, kimoja baada ya kingine. "Nimemkataza, hasikii. Ni mbishi kama baba yake. Basi mshonee."

Akageuka, akaondoka. Kigoda kikabaki katikati ya kibanda mpaka jioni. Fundi hakuwa na moyo wa kukiondoa.

"Sijui kama amenisamehe," anasema. "Sikumuuliza. Kuna maswali ukimuuliza mtu unamlazimisha kusema uongo."

Kiatu kilichoteleza vidole viwili leo asubuhi ni cha binti huyo. Ni cha tatu. Viwili vya kwanza fundi alivifumua mwenyewe. Saa nne binti anafika, anasalimia, "Shikamoo shangazi," anaketi bila kukaribishwa. Fundi ameongeza skrubu mbili chini ya kidole gumba. Wanatoka kwenda uchochoroni. Binti anakivaa, anapanda jiwe, na shangazi yake anamwondoa mkono kwenye bomba.

"Mwambani hakuna bomba. Simama hivyohivyo. Jitikise."

Binti anajitikisa. Kiatu hakisogei.

"Tena. Rudi nyuma hatua mbili, kama umevutwa."

Anarudi nyuma. Kiatu kinashika. Fundi anamwambia arudie, tena, na tena, mpaka binti anaanza kucheka, kisha anaona uso wa shangazi yake na kurudi nyuma tena.

Maji yatakupwa sana Jumamosi hii, na binti anasema ataanzia pale pale alipokuwa akisimama baba yake, kwa kuwa ndipo samaki walipo. Kapteni ameahidi kuja na kamba. Katika miaka yote tisa, fundi amejaribia soli zake kwenye majabali mengine yote ya pwani ile, lakini pale hajawahi kufika.

Wanaporudi ndani, binti anaona jozi nyingine chini ya meza, ndogo kuliko yake, sufu tayari imebandikwa, skrubu bado.

"Na hivi ni vya nani, shangazi?"

Fundi anachukua nyundo, anavuta kiatu kimoja kwenye mguu wa chuma.

"Vyangu," anasema. "Jumamosi nitasimama nyuma yako."