Tembe za Nyibol na Wageni Wake

Waraka uliotoka mwezi wa pili unasema, bila mzaha wowote, kwamba kila mama anayenyonyesha katika jamii ya wakimbizi atapewa mkebe mmoja wa tembe za vitamini kwa mwezi. Kwamba mkebe una tembe thelathini na mama atameza moja kila siku. Na kwamba tembe hizo ni zake peke yake, wala hatamgawia mtu mwingine yeyote, kwa sababu yoyote ile. Chini kuna mhuri na sahihi tatu. Waliotia sahihi ni wanaume watatu, na hatuna sababu ya kushuku kwamba hawakuifikiria kazi ya kunyonyesha kwa kina.

Aliyekabidhiwa waraka huo autekeleze ni Edinah Nakhungu, mhudumu wa afya wa mtaa. Ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Bokoli, akaolewa Tongaren, akahamia Kitale mumewe alipopata kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi. Mtaani wanamwita dokta. Alikanusha kwa miaka miwili, kisha akachoka.

Wakimbizi wanaotajwa kwenye waraka ni akina mama kutoka Sudan Kusini waliopanga vyumba Kitale ili watoto wao wasome. Baadhi yao wamekaa hapa miaka kumi na wanajua bei ya gorogoro la mahindi kuliko Edinah mwenyewe, ila kwenye makaratasi bado ndio wanafika. Katika mtaa wa Edinah, wanaonyonyesha walikuwa kumi na mmoja. Ghala la tembe zao liko Bungoma. Kwa nini dawa zikae Bungoma na wenye kuzimeza wakae Kitale ni swali ambalo Edinah aliliuliza mara moja. Alijibiwa kwamba ni swali zuri.

Mwezi wa kwanza ulikwenda salama kwa siku tisa. Siku ya kumi Nyibol, mama wa mtoto wa miezi miwili, alikuja kuomba mkebe mwingine. Nyibol ndiye aliyempa Edinah wasiwasi zaidi. Alikuwa amewahi kuanguka kwa kizunguzungu kwenye foleni ya maji, na nesi akasema damu yake iko chini. Kesho yake wakaja wengine wanne, kila mmoja na mkebe mtupu.

Mikebe mitupu huandikwa, na kilichoandikwa husomwa. Simu ikalia. Ilikuwa ya Kipkoech, afisa wa mradi wa tembe hizo.

"Madam Edinah, tembe za mwezi mzima zinaisha siku tisa. Ama wanatafuna kama njugu, ama kuna mtu anauza sokoni."

"Hakuna anayeuza, Bwana Kipkoech."

"Basi niambie zinaenda wapi. Mwisho wa mwezi ujao nitakuja nione wakimeza kwa macho yangu. Nisipoona, tembe zinahamia mahali pengine. Kuna watu wanazihitaji, bana."

Edinah alitaka kusema kwamba hata hawa wanazihitaji, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Alikwenda kwa Nyibol asubuhi ile ile. Chumba kilikuwa na wageni sita, kwa sababu tangu mtoto Ajak azaliwe, wageni hawajakatika. Miongoni mwao alikuwa Gladwell, mke wa mwenye nyumba, bibi wa miaka sitini na mmoja. Nyibol alimkalisha Edinah kwenye kiti, akammiminia chai ya maziwa, kisha akamletea kisosi. Juu ya kisosi kulikuwa na tembe moja ya rangi ya waridi.

"Karibu, dokta," alisema Nyibol.

Edinah aliitazama tembe. Akawatazama wageni. Kila mmoja alikuwa na kisosi.

"Mama Ajak, hii ni nini?"

"Si ni vitamini? Wewe ndiye uliileta."

"Niliileta umeze wewe."

"Nameza. Wageni wakimaliza kuchukua, mimi pia nachukua."

"Mimi nakwambia, dokta," alidakia Gladwell, "tangu nianze hizi dawa, goti langu hili la kushoto linanitii. Juzi nimepanda ngazi za kanisa bila kushikwa. Ati ziko na nini ndani?"

"Mama Gladwell, wewe unanyonyesha?"

"Wacha matusi!" alisema Gladwell, na chumba kizima kikacheka hadi mtoto akaamka.

Edinah alitoa waraka akausoma kwa sauti. Walimsikiliza kwa heshima kubwa. Alipomaliza, Nyibol alimhurumia.

"Mama Wakoli," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe ili kuonyesha kwamba sasa wanaongea kama wazazi, "mgeni amekaa hapo. Mimi nitie kitu mdomoni yeye akiniangalia? Kwetu hata mtoto mdogo hafanyi hivyo. Mama yangu akisikia ataniuliza nililelewa na nani."

"Meza alfajiri, kabla hawajaja."

"Mama mkwe analala hapa. Shemeji wawili wanalala hapa. Nikifungua mkebe, wote wanaamka."

"Nenda nao chooni."

Nyibol aliweka birika chini. Alimwangalia tu, na Edinah mwenyewe akaona aibu kwa alichosema. Aliondoka akiwa ameonya jambo moja la maana, kwamba mikebe iwekwe juu mahali watoto hawafiki, na kila mtu akakubali hilo mara moja. Tembe yake hakuimeza. Hadi leo wapo wanaosema kwamba dokta ana maringo.

Mwezi mpya ulipoanza alikwenda Bungoma kuchukua mikebe mipya. Ghala ni chumba cha nyuma cha duka la sufuria la Rajvinder, mama wa Kisingasinga ambaye amekaa nyuma ya kaunta hiyo tangu Edinah akiwa shule ya msingi. Mtunza ghala alikuwa amekwenda kula chakula cha mchana tangu saa nne. Edinah akakaa, akasimulia.

Rajvinder alisikiliza huku akifuta sufuria ambayo haikuwa na vumbi.

"Hata kwetu ni hivyo hivyo," alisema. "Mke wa mwanangu Yuvraj alipozaa, nikampikia panjiri. Unga, samli, lozi, sukari, ya kumrudishia mama nguvu. Wageni wakaja, akawapa. Kesho wakaja, akawapa. Siku ya nne nimeangalia mkebe, umebaki unga wa kupaka uso."

"Ukawafukuza?"

"Nifukuze wageni? Wewe Edinah! Nilitafuta waliozaa mwaka ule, hapa mtaani kwetu walikuwa watatu. Nikasema, njooni hapa kwangu saa nne, kila mtu na mkebe wake. Wakikaa pamoja, kila mmoja yuko na yake mkononi. Sasa nani atamgawia nani?"

Edinah alirudi Kitale akiwa na mikebe kumi na mmoja na furaha ambayo haikuwa kwenye orodha ya vifaa.

Kuanzia Jumatatu, saa nne asubuhi, wote kumi na mmoja walikutana kwa Nyibol. Kila mmoja alikuja na mtoto wake mgongoni na mkebe wake mkononi. Walipiga soga, wakanywa chai, wakafungua mikebe kwa pamoja na kumeza kwa pamoja, na hakuna aliyemwaibisha mwenzake. Wageni wengine walikaribishwa saa tano, mikebe ikiwa imeshafungwa.

Tatizo lilibaki Gladwell, ambaye anaishi mlango wa pili na hatambui saa tano. Siku ya kwanza aliingia saa nne kasoro, akaketi, na mikono kumi na mmoja ikaganda hewani. Mama mkwe wa Nyibol ndiye aliyeokoa jahazi. Alimpa Gladwell birika. Aliye jikoni si mgeni, na asiye mgeni hasubiriwi. Gladwell alilalamika kwamba goti limeanza tena ukaidi, lakini alipenda kuamuru watu wasogeze vikombe, na tangu siku hiyo hakukosa.

Mikebe ikamaliza siku tisa. Ikamaliza ishirini. Nyibol alianza kubeba mtungi wake mwenyewe kutoka bombani bila kuketi njiani, na kumcheka shemeji yake aliyechoka.

Mwisho wa mwezi, saa nne, Kipkoech alikuja na faili. Ndiye mwenye sahihi ya tatu kwenye waraka, na alikuwa na haraka. Kabla Edinah hajasema neno, Nyibol alimkalisha afisa kwenye kiti.

Chai ikamiminwa. Mikebe ikafunguliwa. Kila mama akashika tembe yake, na wote wakatulia.

Kipkoech alingoja. "Mezeni basi."

Hakuna aliyemeza.

"Madam Edinah, hiki ndicho nilichosema. Nimekuja kuona, na sioni."

"Bwana Kipkoech," alisema Edinah, akimsogezea mtoto wa karibu, "si ushike huyu kidogo? Ama usaidie na birika?"

"Nina kazi, Madam."

"Ameshakaa kwenye kiti," alinong'ona Gladwell kutoka jikoni. "Amekwisha."

Nyibol alinyanyuka. Alichukua kisosi, akatoa tembe kwenye mkebe wake, akakileta mbele ya afisa kwa mikono miwili. Kipkoech alitazama kisosi, akatazama faili. Akatazama zile nyuso kumi na moja zilizokuwa zikimngoja kwa upole. Hata yeye ana mama aliyemlea, huko Kapsokwony, na chai ilikuwa inapoa.

Alimeza. Nao wakameza, wote, mbele ya macho yake kama alivyotaka.

Tembe hazikuhamishwa, mtaa uliongezewa miezi sita. Kipkoech ni mtu mwaminifu, na kwenye ripoti aliandika alichohesabu, yaani tembe zilizotoka mikebeni. Idadi ya akina mama wanaonyonyesha waliomeza mbele ya mkaguzi siku ile imeandikwa kumi na wawili.