Valvu, Transista na Njuga za Baba Mkubwa

Kwa miezi mitatu nilisoma kila nilichokipata kuhusu amplifaya za hedifoni, na mwisho wake nikawa najua kila kitu isipokuwa ninachokitaka. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Bariadi. Siwezi kununua kitu bila kukielewa, na siwezi kukielewa bila kumweleza mtu. Kwa hiyo mke wangu naye anajua kila kitu.

Kwa wale ambao hawakubahatika kuolewa na mimi, nitaeleza kwa ufupi. Amplifaya hupokea sauti dhaifu, tuseme ya simu, ikaipa nguvu ya kusukuma hedifoni. Ya valvu hutumia vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu wa makaa, kama vya redio za zamani. Ya transista hutumia vipande vidogo visivyowaka wala kuomba kutazamwa. Wapenzi wa valvu husema sauti yake ina joto. Wapenzi wa transista husema joto ni kazi ya jiko. Ukisikia watu wazima wakigombana juu ya hili usiogope, wote wanaendelea vizuri na maisha yao.

Muuzaji mmoja wa Mwanza alichoka na maswali yangu akanitumia zote mbili kwa basi, nijaribu, halafu nirudishe moja Ijumaa. Moyoni nilikwisha kuchagua valvu. Nilichohitaji ni mtu mwingine aniambie kwamba nimechagua vizuri, na mtu huyo niliamua awe baba.

Baba anaishi Zagayu, analima pamba, na masikio yake yamechoka. Ujanani alicheza ngoma upande wa Bagalu, na kaka yake, baba mkubwa wangu, alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, upande wa Bagika. Baada ya mavuno makundi hayo mawili ya ngoma za Kisukuma yalicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja kona yake, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Manju alitunga pia mistari ya kuwachamba wapinzani. Lakini hakumchamba mtu hivihivi. Mtu asiye na maana hakupotezewa pumzi.

Baba mkubwa alifariki mwaka huu. Matanga yalipokwisha, mjane wake akanikabidhi kanda ya shindano lao kubwa la mwisho, nikaihamishia kwenye simu. Nilipomwambia baba, akauliza kama ninajua iwapo yeye yumo ndani yake. Sikuelewa. Akaeleza kwamba siku ile alikuwa kona ya pili, ngoma za kwao zikimziba masikio, na hakusikia neno hata moja la kaka yake. Baadaye wengine walimwambia ametajwa, wengine wakasema hapana. Kumuuliza kaka mwenyewe aliona aibu, na aibu hiyo ilidumu mpaka kaburini.

"Nataka kujua kama alinitaja," alisema. "Hayo mengine ni yako na masanduku yako."

Jumamosi nikafika na masanduku yangu. Tukasalimiana Mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kwa urefu unaostahili, nikayapanga juu ya meza nje ya nyumba, na kabla sijachomeka waya wa inveta ya sola majirani wakawa wameshajaa. Nikawaeleza tofauti. Nilieleza vizuri, nadhani, maana waliitikia kwa vichwa. Kisha wakafanya walichozoea kufanya wanapoona vitu viwili vinashindana: wakagawanyika. Waliotoka koo za Bagalu wakasimama nyuma ya valvu kwa sababu inawaka. Bagika wakabaki na transista kwa sababu Bagalu wameikataa. Wakaanza kuvutana mikono, kuitana, kuhesabu vichwa.

Nikawakumbusha kwa upole kwamba hedifoni husikilizwa na mtu mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyesikia chochote.

"Mwalimu, hata uwanjani tulikuwa hatusikii," mzee mmoja akanijibu. "Tulikuwa tunaona watu wanakokimbilia."

Valvu ikashinda kwa mbali. Mama aliweka kiganja juu yake, akauliza kama inaweza kupasha maziwa, na jibu langu la kweli likaiongezea kura mbili. Nami nilifurahi, siwezi kuficha. Miezi mitatu ya kusoma, na kijiji kizima kimefikia hitimisho langu kwa dakika kumi bila kusoma.

Baba akavaa hedifoni, nikaanza na valvu. Akatikisa kichwa kwa mdundo, akatabasamu. Ngoma ni nzuri, alisema, nene, kama yupo palepale. Nikamuuliza kuhusu maneno.

"Maneno hakuna. Ngoma zimeyakalia."

Hapo ndipo mwalimu wa fizikia alipokumbuka fizikia. Hedifoni zangu zina ukinzani mdogo wa umeme, na amplifaya ile ina ukinzani mkubwa pale inapotolea sauti. Chukulia unamwongoza ndama kwa kamba ndefu iliyolegea: wewe umesimama, yeye bado anayumba huku na huko. Ndivyo ngoma zilivyokuwa zikiyumba na kuvimba juu ya sauti ya baba mkubwa. Transista ile ilikuwa na kamba fupi. Nililijua hilo tangu mwezi wa kwanza. Nililieleza hata kwa mke wangu. Ila vichupa vilikuwa vinawaka vizuri sana.

Nikahamisha waya. Bagika wakapiga vigelegele, baba akawanyooshea mkono wanyamaze. Safari hii hakutikisa kichwa. Alikaa ameinama, vidole vimeshika hedifoni, uso umekufa kabisa, nami nikaanza kujuta. Wimbo ulipokwisha akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Akazivua polepole.

"Anasema mdogo wake amekuja uwanjani na njuga za kuazima," akatueleza. "Anasema mguu wa kulia unacheza, wa kushoto umebaki nyumbani unachunga mbuzi."

Watu wakaangua kicheko, Bagalu wakiwa wa kwanza. Mimi nikamtazama baba kwa hofu.

"Njuga zilikuwa zake kweli," akasema. "Nilizichukua bila kumwambia." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Mistari mitatu mizima, mwanangu. Wenzangu wote wamepewa mmoja mmoja."

Nikasema basi nadhani tumepata jibu, tuifunge ile ya transista vizuri ibaki hapa, na nikaanza kueleza faida zake nyingine. Hakunisikiliza. Aliyechambwa hujibu, ndiyo desturi, na yeye alikuwa amechelewa sana kujibu. Akavaa tena hedifoni, akanionyesha kwa kidole nirudishe mwanzo, na akaanza kuimba kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, akitafuta mstari wake wa kwanza. Kuhusu njuga alikubali yaishe. Alianzia kwenye mguu.

Ijumaa valvu ilipanda basi kurudi Mwanza. Mke wangu aliuliza ni hoja ipi kati ya zile zote iliyoamua. Nikamwambia ni ukinzani, na ni kweli.