Zuhura Alipoacha Kubishana Bei

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nina miaka ishirini na miwili na mdomo mkali kuliko wembe. Mwanangu, nilikuwa nauza vitenge, na jirani yangu wa meza alikuwa Zuhura, rika langu, muuza khanga. Mteja akimwambia apunguze, hujibu, "Nipunguze nini kaka, upana au maua?" Watu wanacheka, na bei iko palepale.

Wiki hiyo akabadilika. Mteja akitaja bei ya kichekesho, Zuhura anafunga mzigo, anampa. Habishi, hatanii. Chai anaagiza, inapoa mbele yake, nzi wanaimaliza. Wateja wakajaa mezani kwake, nami, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu. Nilidhani kagundua ujanja mpya wa biashara! Nikaona nisipitwe. Nikaitaka khanga ya marehemu mama yake, aliyokuwa akiapa haiuzwi.

"Zuhu, hii unaniachia?"

"Chukua tu, shoga. Mimi ya nini tena?"

Nikaikagua mara mbili kama ina tundu. Yeye sikumkagua hata mara moja.

Nikaenda kujitapa kwa Mama Shirima, Mchaga aliyetuuzia mali kwa jumla, mtu asiyempunguzia bei hata nduguye wa tumbo moja. "Shikamoo mama, ona nilichopata! Zuhura habishani bei tena, kanipa bure!"

Akaikunjua khanga, akanikazia macho. "Mchuuzi haachi kubishana kwa kupenda. We binti, umemnyang'anya mgonjwa."

"Mgonjwa wapi, mama? Hana hata homa. Ajikaze tu."

"Ajikaze na nini? Nguvu zenyewe ndizo zilizokwisha. Funga meza, twende."

Tuliporudi, Zuhura hayupo. Ameondoka, mali yote iko wazi mezani. Kariakoo, mwanangu! Tukakimbilia chumbani kwake Magomeni, tukamkuta amelala kaukabili ukuta. Nikamrudishia khanga, hakuitazama. Mama Shirima akaketi sakafuni, hakuhubiri. Alimuuliza wazi, "Binti yangu, unawaza kujiua?"

Nikataka kumziba mdomo. Zuhura akasema, "Kila siku, mama." Ndipo akalia. Hatukumwacha peke yake hata dakika. Siku hiyohiyo tukampeleka hospitali. Daktari akasema ni sonona, huzuni iliyogeuka maradhi, yenye tiba kama maradhi mengine. Ilichukua miezi, mara nafuu, mara chini tena. Leo ana wajukuu, na bei zake hazishikiki.

Mwanangu, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku hizi vijana mnajibu "poa" huku mnazama. Mwenzako akiacha kula, akikosa usingizi au akilala kutwa, akianza kugawa vitu anavyovipenda, usimwite mvivu, usimwambie wengine wana shida kuliko yeye. Huzuni haina mnada. Muulize wazi, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo baya, humpa pa kulitua. Kisha mfikishe kwa mganga wa hospitali, na usichoke kurudi kumwona. Na ikiwa ni wewe, sema. Sema kwa mmoja. Asipokuelewa, sema kwa wa pili. Si aibu, wala si upungufu wa imani.

Mola akulinde, akupe moyo mwepesi na usingizi mtamu. Na siku dunia ikikulemea, akuletee jirani mdadisi, mkaidi, asiyekubali jibu la "nipo tu." Amina.