Baluni zililipuka Kilimani, lawama nikabeba peke yangu

Wakuu, sasa. Hii sikuambiwa na mtu, ni mimi yalinipata, na bado inaniuma.

Nilikuwa nafanya decor na Mwende, rafiki yangu wa choir. Birthday, baby shower, kila kitu. Baluni tulikuwa tunajazia kwangu Riruta na pampu ya stima.

Tukapata kazi poa Kilimani. Mama mmoja alikuwa amengoja mtoto miaka mingi, na sasa mtoto anafikisha mwaka. Alitaka arch, yaani tao la baluni nyeusi na gold, nje kwa garden.

Ilikuwa July, ile baridi ya kuvaa marvin, kofia ya sufi, ndani ya nyumba. Mwende anajaza baluni mpaka zinang'aa kama kioo.

Nikamwambia, "Mwende, acha nafasi kidogo. Hii hewa iko baridi. Jua ikitoka itapanuka, na raba imeshavutika yote."

Akacheka. "Wewe na physics yako ya Form Two! Client anataka zikae full. Jaza."

Nikajaza.

Tukafika, tukasimamisha arch, ikakaa smart sana. Watu wanapiga picha. Mchana mawingu yakafunguka, jua ikagonga direct.

Zile nyeusi ndio zilianza, maana nyeusi hushika joto haraka. Paa! Paa! Kidogo zikafuatana kama bisi kwa sufuria. Wageni wakalala chini wakidhani ni risasi. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha.

Mama yake akakuja mbio. "Nani alijaza hizi vitu?"

Mwende hakusita. "Ni huyu. Na nilimwambia aache nafasi."

Wakuu, alisema akiniangalia kwa macho. Maneno yangu mwenyewe.

Nikajaribu kujitetea. Yule mama akanikata, "Toka kwangu. Sasa hivi."

Nilitembea mpaka Hurlingham nikilia kwa barabara. Mwende alibaki, akapakuliwa pilau.

Mwaka huu birthday ya pili ya yule mtoto imefanywa. Mwende ndiye aliitwa. Mimi nilitoka choir, siku hizi nauza mitumba.

Nilichojifunza: ukimwonya mtu kwa kazi, mwonye mbele ya watu. Mkiwa wawili tu, onyo ni la yule atasema kwanza.

Nani hapa amewahi kuuzwa hivyo na rafiki? Ulimjibu nini? Mimi kila Jumapili, saa za choir, bado natafuta la kumwambia.