Tairi Iliyolika Ndani

Mimi hupima magurudumu kwa uzi, maana sina mashine. Naufunga nyuma ya gari, nauvuta ubavuni hadi gurudumu la mbele, na unapoacha nafasi ndipo palipopinda. Kabla ya uzi hupitisha kiganja juu ya tairi. Ikiwa laini ukienda na inakwaruza ukirudi, gurudumu linaburutwa. Hapa Isiolo watu wananiamini kwa kazi hiyo, na kuaminiwa kuliniharibu.

Asubuhi moja mama mmoja mwenye magari ya mizigo aliniletea pikapu. Dereva wake alikuwa Mturkana wa Ngaremara, siku kumi tu kazini. Kando ya mama alikaa mwanawe, mwanamume mzima, macho kwenye simu.

"Salaam aleikum, fundi," mama alisema. "Hii gari inavuta kushoto na tairi imeisha. Niambie mbele ya huyu dereva, imegonga kitu ama haijagonga? Kama ni yeye, leo anashuka."

"Mama, mimi sijagonga kitu," dereva akasema. "Nilipewa ikivuta hivi hivi. Mbuzi zangu ziliisha na ukame, hii kazi ndiyo niko nayo. Siwezi kuichezea."

Nilimjua. Wiki moja kabla, kwenye kituo cha mafuta, aliwaambia wenzake kwamba mimi napima gari kama fundi nguo anayekata suruali. Walicheka hadi wakashikana mabega, nami nimesimama pale pale. Mimi si mtu wa kusahau.

Nikaingia chini ya gari. Rodi ya usukani upande wa kushoto ilikuwa imepinda kisha ikanyooshwa kwa nyundo, na alama za nyundo zilikuwa zimeshika kutu. Juu yake, manyoya ya ngamia yalikuwa yamekaukia kwenye grisi. Ilikuwa wazi. Mtu alimgonga ngamia, akaogopa kikao cha fidia na wenye mnyama, akakimbia. Rodi mpya hakununua, maana ukionekana dukani ukitafuta rodi, wenye ngamia watajua kabla ya adhuhuri. Akaenda kwa mchomeleaji akanyoosha chuma ambacho kikipinda hutupwa.

Tairi yenyewe ilikuwa imelika ukingo wa ndani mpaka nyaya zikatokeza. Ya kulia, iliyofungwa siku moja na hiyo, bado ilikuwa na meno. Hata kwa barabara mbovu ya Gotu, tairi hailiki hivyo kwa siku kumi. Huo ulikuwa ulaji wa miezi miwili. Nililijua hilo nikiwa bado chali.

Nikatoka na manyoya mkononi.

"Mama, ni ngamia," nikasema.

Watu walikuwa wameshajaa. Nikamshika dereva mkono, nikakisugua kiganja chake kwenye tairi mpaka waya ukamchoma.

"Umeona kazi yako?" nikamwambia. "Hata fundi nguo anaiona."

Walicheka, safari hii upande wangu. Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi sana.

Dereva hakuuvuta mkono. "Fundi, niambie kitu moja tu," alisema polepole. "Hii tairi imekulwa kwa muda gani?"

Nikamtazama mtoto wa mama. Alikuwa ameacha simu, ananiomba kwa macho. Basi nikajua aliyemgonga ngamia ni nani.

"Tairi haina kalenda," nikajibu.

Mama alichukua ufunguo hapo hapo. Dereva akaomba koti lake lililokuwa kwenye kiti, akalikung'uta, akashika barabara kuelekea Ngaremara kwa miguu. Mtoto wa mama akahamia kwenye usukani.

Miezi mingi baadaye nilisimamisha gari langu Ngaremara kununua makaa. Sikuona kwamba anayeuza ni yule dereva mpaka aliponyanyua gunia. Alilipakia, akalifunga vizuri, kisha akachuchumaa kwenye gurudumu langu la mbele. Akapitisha kiganja ndani ya tairi, akakirudisha, polepole, vile nilivyomwonyesha.

"Inakulwa ndani, fundi," alisema. "Kama miezi miwili hivi."

Nilikuwa nimegonga jiwe kubwa njia ya Kinna, miezi miwili kamili kabla ya siku hiyo. Nikawasha gari nikaondoka.