Pilau la Bombei

Watoto wa Chamazi wakimwona Mzee Shomari anapita na kikapu chake cha sokoni humwamkia kwa pamoja, "Shikamoo babu Bombei!" Naye huitikia "Marahaba" huku meno yameumana. Mgeni akisikia hudhani mzee kapewa jina la heshima, jina la mtu aliyeitembea dunia. Heshima iko wapi! Jina lile ni la kuhara, na aliyembandika anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, ana kitambi na maneno mengi, anaitwa Bakari.

Kisa chenyewe Bakari amekisimulia misibani, harusini, kwenye foleni ya maji, na siku moja hata mbele ya bwana afya. Mwaka themanini na moja wote wawili walikuwa mabaharia kwenye meli ya mizigo, MV Mchinga, ikipeleka mkonge na korosho Bombei. Bakari kazi yake kamba na nanga, Shomari mpishi. Alhamisi jioni, meli ikiwa ing'oe nanga kesho yake, Shomari akapika pilau. Alfajiri mabaharia ishirini na sita wako chini, wameshika matumbo, wanaugulia, na foleni ya chooni imepiga kona mbili. Daktari wa bandari akaizuia meli siku mbili. Kapteni, Mgiriki mmoja mfupi mwenye hasira, akaamuru pilau lililobaki limwagwe baharini, na mpishi asugue jiko lote, dari mpaka sakafu, siku zote hizo mbili, marufuku kushuka.

"Na sasa sikilizeni," Bakari humalizia, akingoja watu wanyamaze. "Mpishi mwenyewe mzima! Buheri wa afya! Alijua alichotutilia huyo!" Hapo watu huvunjika mbavu.

Hilo la mwisho ndilo lililomla Shomari miaka arobaini na minne, kwa sababu ni kweli. Alikula sahani mbili za pilau lile na hakuumwa hata kichwa. Nyama aliichagua mwenyewe, samli aliionja, mchele aliupepeta. Amelipika tena kichwani mara elfu, hatua kwa hatua, akitafuta alipokosea, asipaone. Alipoacha bahari alipikia bweni la shule moja miaka ishirini na miwili, mchele akiuosha mara saba, nyama akiichemsha hadi ng'ombe mwenyewe asingeitambua. Pilau hakuligusa tena. Hata sikukuu ya Idi hupika mkewe, Chausiku, naye Shomari hukaa barazani akinusa, akijua kabisa kwamba hiliki imepungua, asiseme.

Sasa mjukuu wake, Lulu, akaposwa. Siku ya kupanga shughuli akaja akamkalia babu yake pembeni, akasema, "Babu, pilau la harusi yangu upike wewe. Mie sitaki la kukodi."

Mzee machozi yalimlengalenga. Akasema atapika. Kumbe siku ya kupokea mahari, Bakari alishakaa karibu na mama mkwe mtarajiwa, Bi Rukaiya wa Kinondoni, akamsimulia kisa chote, na foleni ya chooni akaiongeza kona ya tatu. Bi Rukaiya akasema kwa upole sana kwamba kama babu ndiye mpishi, basi watu wake mia mbili wataandaliwa biskuti.

Chausiku akapigilia msumari. "Shomari, mie na wewe tumezeeka pamoja, siwezi kukuficha. Sitaki Lulu aanze ndoa kwa aibu. Niletee mtu mmoja tu aliyekuwa kwenye ile meli, aseme mbele yangu kosa halikuwa lako. Bila hivyo mwiko hutoushika."

"Bakari yupo hapo nyumba ya tatu."

"Bakari ndiye anayekuchafua! Mwingine."

Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili. Shomari akafungua sanduku, akatoa kitabu chake cha ubaharia na picha moja iliyopigwa kwenye sitaha, watu wamejipanga, suruali zote pana chini. Akaanza kuulizia. Mmoja kafa Tanga, mwingine kafa Mtwara, watatu wamekufa hapahapa mjini, mwingine yu hai lakini kaamua kuwa Mwarabu na hataki kukumbushwa meli. Wakabaki wawili wanaofikika: Suhaib wa injini, yuko Kiwalani, na Albano, aliyekuwa msaidizi wake jikoni, yuko Chanika analima.

Alianza na Suhaib. Alimkuta kakaa uani juu ya kasha kuukuu la mbao lenye maandishi ya Kihindi, mnyonge kidogo lakini uso mkunjufu. Tatizo masikio. Miaka kumi na minane ya injini ilikuwa imeyamaliza, na yaliyobaki yalimaliziwa na ndege zinazopita juu ya paa kwenda kutua.

"Suhaib! Lile pilau la Bombei, mlihara kweli?"

"Sema kwa nguvu!"

Shomari akavuta pumzi. Ndege ikapita, akangoja. Akaanza tena, ikapita nyingine. Akaona sasa hawa wananichezea, akapaza sauti juu ya ngurumo kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu, na ndege ikanyamaza ghafla nyuma ya mapaa, neno likabaki peke yake hewani: "MLIHARAAA?"

Uchochoro mzima ukageuka. Dakika haikupita mama wa nyumba ya pili, Zubeda, aliyesikia kuhara tu, akaingia mbio na jagi la maji yenye chumvi na sukari. "Babu yangu, pole jamani. Kunywa kidogokidogo. Choo kile pale, mlango hauna komeo, we kohoa tu."

"Siumwi mie, mama!"

"Wote husema hivyo. Kunywa."

Akanywa, afanyeje. Suhaib alikuwa amesikia sasa, na kicheko kilimshika hadi kikawa kikohozi, mikono ikipigapiga kasha alilokalia. Alipopata pumzi alifuta macho akasema neno moja lililomkata Shomari maini. "Mie niliapa, ndugu yangu. Nenda kwa Albano. Albano ana kanisa, dhambi inamuuma."

Waliapa nini? Usingizi ulimpaa. Asubuhi ya pili yake yuko Chanika, kwenye shamba la mihogo, anapiga hodi. Albano alitoka na jembe, akamwona, akaliachia jembe likaanguka. Mzee yule mrefu, mvi kichwa kizima, akapiga magoti palepale kwenye tuta.

"Nimeungama mara tatu, Shomari," alisema. "Padri alinipa rozari kumi, akaniambia na nije nikuombe radhi mwenyewe. Rozari nimemaliza."

"Inuka, Albano. Radhi ya nini?"

"Hakuna aliyehara."

Shomari akakaa juu ya tuta. Albano akaeleza yote, macho yake kwenye mihogo. Walikuwa wamepakua mizigo siku nne mfululizo bila kukanyaga nchi kavu, na kapteni akasema kesho safari. Nao wote wametumwa sabuni. Nyumbani mwaka ule sabuni hakuna, dawa ya meno hakuna, watu wanafua kwa majani ya mpapai. Baharia atarudi kutoka Bombei mikono mitupu, amwambie nini mkewe? Wakakutana chumba cha injini, wakakubaliana waugue, wakaapa siri isitoke. Pilau lililiwa jioni, kwa hiyo pilau ndilo litakalobeba lawama.

"Daktari naye alikuwa amechoka, akawagusa matumbo watu wanne, akasema tushuke tukapate hewa. Tulipofika lango la bandari tukapona wote."

"Na mie nasugua dari!" Shomari alipiga ukelele hadi kuku wakatawanyika. "Kwa nini hamkuniambia? Na mie nilikuwa na mke!"

"Tungekwambiaje? Wewe hata paka wa meli ulikuwa huwezi kumdanganya. Kapteni angekutazama usoni tu, kwisha." Albano akafikicha macho. "Kuugulia kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kapteni alipomwaga lile pilau. Nusu sufuria, Shomari! Tumesimama tunatazama linavyozama. Bakari alilia machozi kabisa. Daktari akadhani ni tumbo, akamwandikia sindano."

Hapo Shomari, kwa hasira zake zote, alihisi kitu kinachomwagika kifuani, kitamu, hata akakionea haya. Pilau lile halikuwa na kosa. Lilikuwa zuri hadi mtu akalia. Alikaa kwenye tuta lile muda mrefu akilia na yeye, Albano akimpepea kwa kofia.

Jioni Albano alisimama mbele ya Chausiku, kiroba cha mihogo miguuni, akarudia maneno yaleyale. Chausiku alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Shomari alingoja aambiwe "pole mume wangu." Hakuambiwa.

"Sabuni?" Chausiku alisema.

"Sabuni, shemeji. Na dawa ya meno kidogo."

"Wote walinunua?"

"Makasha, shemeji. Makasha."

Chausiku akainuka, akajifunga khanga kiunoni. "Nilikuwa bi harusi wa miezi mitatu! Khanga zangu za harusi nimezifua kwa majani ya mpapai mpaka zikawa za kijani! Na mke wa Bakari ananipitia mlangoni ananukia waridi, ananiambia, 'Pole shoga, mumeo hana bahati.' Hana bahati!" Akatoka. Wazee wawili wakamfuata nyuma kwa mbali kidogo.

Bakari alikuwa barazani anacheza bao. Alipomwona Albano, kete zilimtoka mkononi.

"Miaka arobaini na minne, Bakari," Shomari alisema. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, likatoka hilo tu.

Bakari aliinama akaziokota kete moja moja. "Tulikubaliana tutakwambia tukishavuka Pemba," alisema mwishowe. "Tukavuka. Kila mtu akamwachia mwenzie. Halafu nikawa nishaanza kuisimulia, na Shomari, Wallahi, ikanoga. Ilinoga mno. Kila nikitaka kuacha naambiwa, Bakari tupe ile ya Bombei."

"Ilinoga kwako. Mie pilau sikupika tena."

Bakari aliinamisha kichwa. Kumbe hilo hakuwa akilijua. Alidhani mwenzie hapendi tu kupika pilau.

Chausiku ndiye aliyetoa hukumu. Siku ya harusi, sinia la kwanza litawekwa mbele ya Bakari, peke yake, watu wote wakimtazama, na kabla hajalitia mkono atasimulia kisa upya, safari hii kama kilivyokuwa.

Jumamosi ikafika. Shomari aliwasha kuni tangu alfajiri, masufuria matatu, fulana imelowa. Hiliki alitia kwa mkono wa mwaka themanini na moja. Mchuzi akauonja mara tatu. Maana kuambiwa huna kosa ni jambo moja, na kulipika baada ya miaka arobaini na minne ni jambo jingine kabisa. Je, kama mkono umesahau?

Adhuhuri Bakari akaingia amebeba katoni ya sabuni za mche kichwani. Akaitua miguuni kwa Chausiku. "Shemeji, imechelewa njiani." Kisha akapewa kipaza sauti, akasimulia. Alisimulia vizuri, mwacheni jamani, kipaji anacho: sabuni, chumba cha injini, lango la bandari. Watu walicheka kuliko siku zote, wakimcheka yeye. Bi Rukaiya alicheka hadi ushungi ukamvuka, akasema zile biskuti zirudishwe ndani.

Sinia likawekwa. Watu wakasogea. Nyuma ya masufuria Shomari alishika mwiko kwa mikono miwili.

Bakari akasema bismillahi, akafinyanga tonge, akatia kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Macho yakamjaa maji, akayaacha yateremke mashavuni mbele ya harusi nzima.

"Ni lilelile," alisema.

Akalivuta sinia karibu, akalizungushia mkono wa kushoto kulilinda, na Albano alipojaribu kuingiza mkono wake pembeni, akampiga kofi mkononi.

"Hili halimwagwi," alisema, akaendelea kula.

Jioni wageni walipoondoka, Chausiku alikata mche wa kwanza wa ile sabuni, akavuta sufuria kubwa aoshe mwenyewe. Alilikuta limekombwa hadi ukoko. Shomari alikuwa amekaa kando juu ya kinu, amechoka, ananuka moshi, na mtoto mmoja wa jirani akapita akimwamkia kama kawaida.

"Shikamoo babu Bombei!"

"Marahaba mwanangu," akasema Shomari. "Umekula?"